John A. Macdonald: Wakili Mhamiaji Aliyeongoza Kuundwa kwa Shirikisho la Kanada

Waziri Mkuu wa kwanza wa Kanada, Sir John Alexander Macdonald, alizaliwa mjini Glasgow, Scotland, Januari 1815. Mwaka 1820 wazazi wake walihamia Kingston, katika koloni la Uingereza la Upper Canada, wakitafuta maisha mapya baada ya biashara ya baba yake kushindwa.

Kwa kuwa familia haikuwa na uwezo, Macdonald hakusoma chuo kikuu. Akiwa na miaka 15 alianza kujifunza sheria katika ofisi ya wakili, na mwaka 1836 akakubaliwa rasmi kuwa wakili.

Mwaka 1844 alichaguliwa kuwa mbunge. Wakati huo wawakilishi wa Waingereza na Wafaransa walivutana kiasi cha serikali kuanguka mara kwa mara. Ili kuondoa mkwamo huo, mwaka 1864 Macdonald alikubali kuunda serikali ya mseto na mpinzani wake mkubwa, George Brown, pamoja na kiongozi wa Wafaransa, George-Étienne Cartier. Aidha, ingawa alipendelea serikali moja yenye nguvu, aliridhia mfumo wa shirikisho. Tarehe 1 Julai 1867 Kanada ilizaliwa ikiwa na majimbo manne.

Mwaka 1873 alijiuzulu kufuatia kashfa ya chama chake kupokea fedha za uchaguzi kutoka kwa mfanyabiashara aliyetaka mkataba wa reli. Wapiga kura walimrejesha madarakani mwaka 1878, na reli ya kuunganisha nchi hadi pwani ya Pasifiki ikakamilika Novemba 1885.

Hata hivyo, maridhiano hayo hayakuwahusu wote. Maelfu ya Wachina walijenga reli hiyo, lakini mwaka huohuo serikali yake iliweka kodi ya dola 50 kwa Mchina aliyetaka kuingia nchini. Vilevile, watoto wa wenyeji wa asili walitenganishwa na wazazi na kupelekwa shule za bweni zilizokusudiwa kufuta lugha na mila zao.

Macdonald alifariki dunia tarehe 6 Juni 1891 akiwa bado madarakani, baada ya kuongoza kwa takriban miaka 19, akazikwa Kingston. Mwaka 2021, kutokana na madhila ya shule hizo, mji huohuo uliomlea uliiondoa sanamu yake katika bustani ya umma.