Clifford Durr: Kutoka kugawa masafa ya redio hadi kesi iliyovunja ubaguzi kwenye mabasi

Jioni ya Desemba 1, 1955, polisi wa Montgomery, jimbo la Alabama nchini Marekani, walimkamata Rosa Parks kwa kukataa kumpisha abiria mzungu kiti ndani ya basi. E.D. Nixon, kiongozi wa watu weusi mjini hapo, alipiga simu polisi kuuliza kosa ni lipi. Wakagoma kumwambia. Nixon akampigia wakili mzungu, Clifford Durr. Durr alipouliza yeye, akajibiwa.

Usiku huohuo Durr na mkewe Virginia waliongozana na Nixon mpaka mahabusu, Nixon akasaini dhamana.

Jina la Rosa Parks linajulikana dunia nzima. La Durr, si sana. Lakini miaka saba tu kabla ya usiku huo, alikuwa mmoja wa watu saba wenye mamlaka ya kuamua nani apewe masafa ya redio Marekani nzima.

Aliacha kazi kwa sababu ya wenzake

Durr alizaliwa Montgomery, Machi 2, 1899. Alisoma Chuo Kikuu cha Alabama, kisha akapata ufadhili wa Rhodes na kwenda kusomea sheria Oxford, Uingereza.

Aliporudi alifanya kazi Birmingham, Alabama, kwenye ofisi kubwa ya mawakili iliyokuwa na wateja kama kampuni ya umeme. Maisha yalikuwa mazuri. Mwaka 1933, uchumi ukiwa umeanguka, ofisi ikaanza kupunguza watu. Durr alitaka wote wakatwe mshahara kidogo ili asifukuzwe mtu. Wakubwa wakakataa, yeye akaondoka.

Shemeji yake, Seneta Hugo Black, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu, alimsaidia kupata kazi Washington, kwenye shirika la serikali lililokuwa likiokoa mabenki.

Masafa ni mali ya umma

Mwaka 1941 Rais Franklin Roosevelt alimteua kuwa kamishna wa Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC. Msimamo wake ulikuwa rahisi kuuelewa: masafa ni mali ya wananchi, mwenye leseni ameazimwa tu.

Alipigania redio zisizo za biashara zitengewe nafasi yake. Mwaka 1945 tume ilitenga chaneli 20 za FM kwa ajili ya elimu, kuanzia megahezi 88 hadi 92.

Mwaka uliofuata ikatoka ripoti iliyopewa jina la Kitabu cha Bluu, kutokana na rangi ya jalada lake. Ililinganisha ahadi ambazo vituo vilitoa wakati wa kuomba leseni na vipindi vilivyorushwa kweli. Kumbe vingine vilikuwa vimejaza matangazo ya biashara. Wenye vituo walikuja juu, na Durr akawa miongoni mwa waliolengwa.

Kiti alichokikataa

Mwaka 1947 Rais Harry Truman aliagiza watumishi wa serikali wachunguzwe uaminifu wao kwa nchi. Mtu aliweza kupoteza kazi bila kumjua aliyemshtaki. Durr alipinga waziwazi, na tayari alikuwa ameshagombana na FBI kwa kuipelekea tume uvumi kuhusu waombaji wa leseni.

Muda wake ulipoisha mwaka 1948, Truman alikuwa tayari kumrudisha. Durr alikataa, maana angelazimika kuwafanyia uchunguzi huohuo wafanyakazi wa tume.

Akafungua ofisi Washington na kuwatetea waliokumbwa na msako huo. Wengi hawakuwa na pesa ya kumlipa. Mwaka 1951 alirudi Montgomery, ambako wazungu wengi walimkwepa.

Kuchagua mahakama

Hapo ndipo alipofahamiana na Fred Gray, wakili kijana mweusi, na kuwa mtu wa kumpa ushauri. Rosa Parks alipokamatwa, Gray alikuwa na miaka 24 tu.

Parks alitozwa faini ya dola 10 pamoja na gharama za kesi dola 4. Gray akakata rufaa. Lakini Durr aliona hatari: mahakama za Alabama zingeweza kuikalia rufaa hiyo, au kuimaliza kwa sababu ndogo ya kiutaratibu bila kugusa sheria ya ubaguzi yenyewe.

Ushauri wake ulikuwa kufungua kesi nyingine, safari hii mahakama ya shirikisho, kudai kwamba sheria hiyo inavunja Katiba. Kesi ya aina hiyo ilisikilizwa na majaji watatu, na rufaa yake ilikwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu. Parks hakuwekwa kati ya walalamikaji, ili isionekane ni ujanja wa kukwepa mashtaka yake.

Gray aliifungua Februari 1, 1956. Ndiyo kesi ya Browder dhidi ya Gayle. Juni 5 majaji wawili kati ya watatu waliamua kwamba ubaguzi ndani ya mabasi ni kinyume cha Katiba, na Novemba 13 Mahakama ya Juu ikakubaliana nao. Mgomo wa mabasi ulimalizika mwezi uliofuata, baada ya siku 381.

Na ile rufaa ya Parks? Mwaka 1957 mahakama ya rufaa ya Alabama iliitupa kwa sababu za kiutaratibu, na hatia yake ikabaki palepale. Kama wangeitegemea hiyo peke yake, sheria ya mabasi isingeguswa.

Durr alifunga ofisi yake mwaka 1964 na kufariki Mei 12, 1975, akiwa na miaka 76. Mpaka leo ukifungua redio Marekani kati ya 88 na 92 FM, utakutana na vituo visivyo vya biashara.