Mbawakawa wa Ziwa Tanganyika aliyeziba sikio la Speke

NATHENJE, Malawi. Wengi wa wanaozungumza Kiswahili kambini Dzaleka wametoka Kongo na Burundi, nchi zinazopakana na Ziwa Tanganyika. Katika ziwa hilo hilo, mwaka 1858, Mwingereza John Hanning Speke aliumia sikio moja kwa namna ambayo msafiri yeyote anayelala njiani anapaswa kuijua.

Speke alizaliwa mwaka 1827 huko Devon, Uingereza, akawa askari katika jeshi la India. Juni 1857 aliondoka Zanzibar pamoja na Richard Burton, wakifuata njia ya misafara ya pembe na watumwa. Walipita Kazeh, ambayo leo ni Tabora, na Februari 1858 wakafika Ziwa Tanganyika. Burton alikuwa hoi kwa maradhi, naye Speke macho yalimuuma hata hakuliona ziwa vizuri.

Machi mwaka huo Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi kwenda upande wa Kongo ya leo, kumtafuta mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Hamed bin Sulayyim, ili akodi jahazi lake. Usiku mmoja, katika kisiwa cha Kivira, dhoruba ilipiga hema lake. Alipowasha mshumaa, mbawakawa wadogo weusi wakamjaa, na mmoja akaingia sikioni.

Alijaribu kumtoa kwa siagi iliyoyeyushwa, ikashindikana. Maumivu yalipozidi alichukua kisu kidogo, akamchoma mdudu humo ndani. Mdudu alikufa, lakini kisu kilijeruhi sikio. Usaha ukajaa, uso ukapinda na shingo ikavimba. Kwa siku kadhaa hakuweza kutafuna, akaishi kwa mchuzi. Kidonda kilitoboa njia kati ya sikio na pua, hata akipenga kamasi sikio lilipiga mluzi. Kwa miezi mingi alikuwa karibu kiziwi, na vipande vya mdudu viliendelea kutoka pamoja na nta miezi sita au saba baadaye. Jahazi lenyewe hakulipata.

Akiwa na sikio hilo bovu, Speke alielekea kaskazini kutoka Kazeh na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona Ziwa Nyanza, akalipa jina la Victoria. Hakujua Kiswahili cha kutosha. Aliongea Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, naye Bombay akageuza kwa Kiswahili. Bombay alizaliwa katika nchi ya Wayao, kabila ambalo leo liko Malawi, Msumbiji na Tanzania, akatekwa utotoni na kuuzwa hadi India. Bila masikio ya Bombay, Speke angepata habari chache sana za nchi aliyopita.

Mwaka 1862, katika safari ya pili, Speke alifika Jinja mahali Mto Nile unapotoka ziwani. Burton hakukubali kwamba hapo ndipo chanzo cha Nile. Mdahalo wao ulipangwa kufanyika mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alipigwa risasi na bunduki yake mwenyewe akipanda ukuta katika uwindaji, akafa akiwa na miaka 37. Uchunguzi uliamua kuwa ni ajali.

Kwa anayelala juu ya mizigo au kwenye lori, somo ni dogo lakini lina thamani. Mdudu akiingia sikioni, usichokoe kwa kisu, kijiti wala ufunguo. Inamisha kichwa na, kama sikio halina kidonda wala tundu, tia matone ya mafuta ya kupikia yasiyo ya moto ili mdudu afe, kisha nenda zahanati atolewe. Aliyebaki na sikio moja hupata taabu kujua sauti imetoka wapi, iwe honi ya gari au mteja anayeita sokoni. Basi mkeo, mwenzako wa duka au dereva wako ajue ni upande upi asimame anapokusemesha.