Richard Titmuss

Richard Morris Titmuss (16 Oktoba 1907 – 6 Aprili 1973) alikuwa mtafiti na profesa wa sera za jamii kutoka nchini Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa maandishi yake kuhusu gharama za huduma za afya, pensheni za wazee na utoaji wa damu. Katika Afrika ya Mashariki jina lake linahusishwa na ripoti ya mwaka 1964 kuhusu huduma za afya za Tanganyika, ambayo watu wa idara ya afya waliizoea kwa jina la Ripoti ya Titmuss.

Maisha ya awali

Alizaliwa karibu na mji wa Luton, katika wilaya ya Bedfordshire, akiwa mtoto wa mkulima mdogo ambaye shamba lake halikumpa faida. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 na hakuwahi kupata shahada ya chuo kikuu. Baba yake alifariki mwaka 1926, na Richard, kijana wa miaka kumi na minane tu, akabeba jukumu la kumtunza mama yake. Alipata kazi ya ukarani katika kampuni ya bima mjini London na kukaa huko miaka 16.

Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa chuo chake. Bima ya maisha inategemea majedwali ya vifo: nani hufa, akiwa na umri gani, na kwa nini. Titmuss alijifunza kusoma majedwali hayo, kisha jioni, baada ya saa za kazi, akaanza kuyauliza maswali ambayo kampuni haikuwa na haja nayo. Mwaka 1937 alimwoa Kathleen Miller, aliyekuwa akiwahudumia watu wasio na ajira, na mke huyo alichangia sana kumwelekeza kwenye masuala ya umaskini. Kitabu chake cha kwanza kilichopishwa, Poverty and Population, kilitoka mwaka 1938. Mwaka 1943 alionyesha kwamba ingawa vifo vya watoto wachanga vilikuwa vimepungua katika matabaka yote ya Waingereza, pengo kati ya matajiri na maskini halikuwa limezibwa.

Katika miaka hiyo alikuwa pia mwanachama wa chama cha eujeniki cha Uingereza. Wasomaji wa leo huona jambo hilo kuwa gumu kulipatanisha na kazi yake, kwani hoja zake zilielekea kinyume: aliona chanzo cha afya mbaya katika hali ya maisha, si katika damu ya ukoo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliajiriwa kuandika sehemu ya historia rasmi ya vita hivyo, kuhusu maisha ya raia. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1950, na mwaka huohuo London School of Economics ikamteua kuwa profesa wa kwanza wa somo lake chuoni hapo. Mtu aliyeishia shule ya msingi, au karibu na hapo, akawa anafundisha wenye shahada.

Gharama za afya na hofu ya uzee

Huduma ya afya ya taifa ilianzishwa Uingereza mwaka 1948, na katika miaka michache wanasiasa wengi walilalamika kwamba inakula fedha bila kikomo. Mwaka 1953 serikali iliunda kamati chini ya mwanauchumi C. W. Guillebaud ili ichunguze gharama hizo. Titmuss na mwenzake kijana Brian Abel-Smith walipewa kazi ya kukokotoa.

Badala ya kuangalia shilingi zilizotumika tu, walilinganisha matumizi na pato la taifa. Matokeo yaliwashangaza walioiomba kazi hiyo: sehemu ya pato la taifa iliyokwenda kwenye huduma hiyo ilikuwa imeshuka kutoka takriban asilimia 3.75 mwaka 1949/50 hadi asilimia 3.25 mwaka 1953/54. Walichunguza pia dhana kwamba ongezeko la wazee lingeifilisi huduma. Hesabu zao zilionyesha kwamba mabadiliko ya idadi na umri wa watu peke yake yangeongeza gharama kwa kiasi kidogo tu. Waligundua pia jambo ambalo halikuwa kwenye vitabu vya uhasibu: sehemu kubwa ya vitanda vya hospitali ilikaliwa na watu wasio na mwenzi wa ndoa, wakiwemo wajane na wagane. Mzee mwenye mtu wa kumtunza nyumbani hakuhitaji kitanda kwa muda mrefu. Hii ni hoja ambayo nchi zinazoendelea, ambako ulezi wa wazee bado uko mikononi mwa familia, zingefaa kuisoma upya.

Pamoja na Abel-Smith na Peter Townsend, mtafiti wa maisha ya wazee, alikisaidia Chama cha Labour kuandaa mpango wa pensheni wa mwaka 1957. Alipinga hali ambayo wafanyakazi wa ofisini walipata pensheni nono zenye nafuu ya kodi huku vibarua wakizeeka na kidogo.

Mauritius na Tanganyika

Mwaka 1961 ilitoka ripoti ya Titmuss na Abel-Smith kuhusu Mauritius, kisiwa ambacho idadi ya watu ilikua haraka baada ya malaria kudhibitiwa. Kisiwa hicho kilikuwa tayari kinalipa pensheni kwa wazee wote tangu mwaka 1958, jambo la nadra kwa nchi isiyo tajiri. (Zanzibar ilianza mpango wa aina hiyo mwaka 2016, kwa wenye umri wa miaka 70 na zaidi.)

Tanganyika ilikuwa na shida nyingine. Baada ya uhuru, fedha nyingi za afya zilikwenda kwenye hospitali za mijini, ilhali wananchi wengi waliishi vijijini. Titmuss aliongoza jopo lililokuwa na Abel-Smith, mtaalamu wa malaria George Macdonald na wengine wawili. Walishauri ujenzi wa hospitali uzuiliwe, na nguvu ielekezwe kwenye vituo vya afya vijijini, kinga, na mafunzo ya wahudumu wa ngazi ya kati. Wazee hawakuwa mada kuu ya ripoti hiyo, kwa kuwa nchi ilikuwa na vijana wengi. Hata hivyo, mzee asiyeweza kutembea hadi hospitali ya bomani ni miongoni mwa wa kwanza kunufaika kituo kinapokuwa karibu. Mwelekeo wa ripoti uliafikiana na siasa ya vijiji iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967.

Damu na miaka ya mwisho

Kitabu chake mashuhuri zaidi, The Gift Relationship, kilitoka mwaka 1970. Kililinganisha Uingereza, ambako damu ilitolewa bure, na Marekani, ambako wengi waliiuza. Titmuss alidai kwamba biashara ya damu huleta hasara na kusambaza homa ya ini, kwani muuzaji mwenye njaa ana sababu ya kuficha ugonjwa wake. Mwanauchumi Kenneth Arrow alimjibu mwaka 1972, akihoji kwa nini ruhusa ya kuuza impunguzie mtu hamu ya kutoa bure. Mjadala huo bado unafundishwa.

Titmuss alifariki mjini London kwa saratani. Mihadhara yake ya mwisho ilichapishwa mwaka 1974. Binti yake, Ann Oakley, alikuwa mwanasosholojia na ameandika vitabu kuhusu wazazi wake.