Woody Strode na uwanja wa umma

Wapenzi wengi wa sinema za zamani wanaikumbuka sura ya Woody Strode bila ya kulijua jina lake. Ndiye yule mtu mweusi, mrefu, mwenye kichwa kilichonyolewa, ambaye katika filamu ya Spartacus ya mwaka 1960 anamshinda mtumwa mwenzake, kisha anakataa kumwua. Badala yake anawarushia mkuki wa ncha tatu mabwana wa Kirumi waliokaa juu wakistarehe, naye anauawa hapo hapo. Ni dakika chache tu, lakini sisi hatuoni sehemu inayoizidi hiyo kwa uzito katika filamu nzima.

Strode alizaliwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1914. Kabla ya mieleka kuwa ndiyo riziki yake alicheza mpira wa Kimarekani, na hapo ndipo tunapotaka viongozi wetu watazame. Tangu mwaka 1934 ligi kuu ya nchi ile haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Sheria ya maandishi haikuwapo. Wenye timu waliufunga mlango, basi. Mwaka 1946 timu ya Rams ilihamia Los Angeles ikataka kuutumia uwanja wa Coliseum, ambao ni mali ya umma. Waandishi weusi wa mji huo wakasimama imara kudai kwamba mali ya umma haiwezi kutumiwa na timu inayowabagua baadhi ya wananchi. Rams wakamwajiri Kenny Washington, kisha Strode, mwenzake tangu Chuo Kikuu cha UCLA. Strode alikuwa amekwisha kutimia miaka 31. Alicheza msimu mmoja, akaachwa. Mwaka 1948 akatwaa kombe la Kanada na timu ya Calgary.

Baadaye ikawa mieleka, na kupitia umbo lile la mwanamieleka wakubwa wa sinema wakamtamani. Walitaka misuli tu. Katika filamu moja ya mwaka 1952 walimvisha ngozi ya simba, akacheza simba! Hata mwaka 1960, John Ford alipompa nafasi ya Sajini Rutledge, askari mweusi aliyesingiziwa kubaka na kuua, jina lake liliwekwa la nne, ilhali filamu yenyewe imeitwa kwa jina la mhusika wake.

Mkewe, Luukialuana Kalaeloa, alikuwa mwenyeji wa Hawaii, visiwani kama sisi.

Nafasi iliyo karibu zaidi na Afrika hakuipata Hollywood bali Italia. Mwaka 1968 Valerio Zurlini alimpa kumwigiza Maurice Lalubi, kiongozi aliyechorwa kwa mfano wa Patrice Lumumba, ambaye vibaraka wa ukoloni walimwua Katanga Januari 1961. Strode alifariki tarehe 31 Desemba 1994. Tunawaomba wanaohusika na utamaduni waitafute filamu hiyo ya Zurlini, na vijana wa visiwa hivi waonyeshwe bure.