PROFESA BROGLIO, ALIYESIMIKA MNARA BAHARINI

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya washairi na mashujaa wa vita. Mwaka huu nimeona niwaletee mhandisi. Sababu ninayo. Ukitoka hapa Watamu, ukapita Malindi, ukazidi kwenda kaskazini hadi Ngomeni, utaona mavyuma yamesimama katikati ya maji. Wengi wetu huyaangalia tu, tukapita zetu. Aliyeyasimika ni Luigi Broglio.

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, karibu na Venice, nchini Italia. Alisomea uhandisi mjini Roma, akatumikia jeshi la anga hadi cheo cha jenerali, na pia akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Roma. Kuanzia 1952 aliongoza shule ya uhandisi wa ndege chuoni hapo. Kwa hiyo, walimu wetu, huyu ni mwenzenu.

Sasa tujiulize, mtu wa Venice na Ngomeni, wapi na wapi? Jibu liko kwenye ikweta. Dunia ikizunguka, uso wake wa hapo ikweta huenda mbio kuliko pengine pote, kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa huku kwetu kuelekea mashariki hupata msukumo huo bure, bila kuchoma mafuta ya ziada. Tena roketi huangusha vipande njiani, na si jambo la mchezo vikiangukia watu. Mashariki ya Ngomeni ni Bahari Hindi tupu.

Basi Broglio akatoa wazo la kurusha roketi kutoka majukwaa yenye miguu ndani ya bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wazo hilo lilifaa hadithi za Jules Verne, yule Mfaransa aliyewarusha watu kuelekea mwezini kwa mzinga katika riwaya yake ya 1865. Lakini Verne alihitaji kalamu na karatasi tu. Broglio ilimbidi atafute chuma, pesa na sahihi za wakubwa. Italia haikuwa na roketi ya kufikisha setilaiti angani, kwa hiyo mwaka 1962 ikapatana na Marekani. Shirika la NASA litoe roketi aina ya Scout na mafunzo, nao Waitalia watoe setilaiti, mafundi na majukwaa. Jukwaa la Santa Rita, lenye umbo la pembetatu, lilikuwa la kutafutia mafuta. Yaani alianza na kilichopatikana.

Tarehe 15 Desemba 1964 mafundi wa Broglio walirusha setilaiti yao ya kwanza, San Marco 1, kutoka Wallops Island, Marekani. Kisha wakaja kwetu. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ilipaa kutoka baharini Ngomeni.

Kazi ya setilaiti hiyo niliielewa vizuri nilipoiunda kwa mikono. Mwenzangu mmoja hodari wa kuchora alibuni picha ya Ngomeni ya miaka ijayo, yenye minara mitatu na roketi yenye bendera yetu. Mchoro ni wa kubuni, nami nikatafuta vipimo vya kweli. Kwa skeli ya 1 kwa 100, Scout yenye urefu wa mita 23 hivi huwa sentimita 23. Majukwaa niliyakata kwa wembe kutoka malapa yaliyotupwa na bahari ufuoni, miguu ikawa fito. Setilaiti ilikuwa tufe la sentimita 66 na kwa skeli hiyo ingekuwa kama punje ya hindi! Ndipo nikaiunda peke yake kwa 1 kwa 3, sawa na mpira wa kandanda. Nje gamba jepesi, ndani kiini kizito, katikati vipande vya mpira wa tairi. Ukiligusa gamba, husogea kidogo na kiini hubaki. Huo ndio ufundi wa Broglio. Hewa hafifu ya juu kule ililisukuma gamba, vipimo vikasoma lilivyosogea, na wanasayansi wakajua uzito wa hewa iliyopo.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka Ngomeni, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Wana-Kiswahili, hapo hatuna budi kutembea kifua mbele.

Kwa jumla setilaiti 9 zilipaa kutoka Ngomeni, ya mwisho ikiwa mwezi Machi 1988. Tangu hapo minara imenyamaza. Broglio alifariki mjini Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na miaka 89, na kituo cha Ngomeni kikapewa jina lake.

Lakini mbegu haikuoza. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mche wa sentimita 10, iliyoundwa kwa ushirikiano na chuo kilekile cha Broglio, ilitolewa angani. Mwezi Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, nayo ilirushwa kutoka California. Hebu fikirini! Setilaiti yetu ilivuka bahari kutafuta pa kurukia, na ikweta iko hapa kwetu. Jambo hilo linaniuma, na ndiyo maana nimeandika. Waliomzunguka Broglio walikuwa wanafunzi wake, waliojua hesabu na fizikia. Sisi je? Tusiyakimbie masomo hayo, ili mchoro wa mwenzetu usibaki malapa na fito.