Scott Joplin na Ushahidi wa Karatasi

Scott Joplin, Mmarekani Mweusi aliyevuma kwa muziki wa ragitaimu, aliaga dunia jijini New York tarehe 1 Aprili 1917 bila kuacha santuri hata moja. Kazi ya vidole vyake imetufikia katika magombo machache tu ya karatasi yenye matundu, aliyoyarekodi mwaka wa 1916 akiwa tayari ameelemewa na kaswende.

Babake alizaliwa mtumwa. Mamake alikuwa akisafisha nyumba za watu mjini Texarkana, na Mjerumani mmoja, Julius Weiss, akamfunza kijana huyo muziki bila malipo. Mwaka wa 1899 John Stark alichapisha "Maple Leaf Rag" na kumlipa mtunzi senti moja kwa kila nakala. Opera yake, Treemonisha, aliichapisha mwaka wa 1911 kwa fedha zake mwenyewe.

Sasa tuyatazame magombo hayo. Piano ilitia alama kwenye karatasi kila kidole kiliposhuka, kisha alama zikatobolewa. Gombo likiwekwa katika piano ya hewa, kila tundu hupitisha hewa na kibonye hujibonyeza chenyewe. Tangu 1904 kampuni ya Welte ya Ujerumani ilikuwa na mashine bora zaidi, iliyonasa hata nguvu na upole wa mguso. Kwayo tumerithi upigaji wa Mahler na Debussy. Joplin hakurekodiwa kwa mashine ya aina hiyo. Karatasi yake ilihifadhi noti na wakati wake, basi, na wahariri walikuwa na desturi ya kuzisawazisha.

"Maple Leaf Rag" aliirekodia kampuni mbili mwaka huo. Gombo moja linatiririka. La pili linajikwaa, na wako walioligeuza hilo la pili kuwa cheti cha daktari. Naona hiyo ni pupa. Ugonjwa haukanushiki, lakini karatasi isiyojua kishindo wala unyamavu, ambayo kasi yake huamuliwa na mwenye piano, haitoshi kumhukumu mpigaji. Katika kijitabu chake cha mazoezi cha 1908, Joplin mwenyewe aliagiza kwamba ragitaimu isiharakishwe kamwe, na kila noti ipigwe ilivyoandikwa. Huo ndio ushahidi ambao mwanafunzi angeuanzia.

Treemonisha ilipandishwa jukwaani Atlanta mwaka wa 1972, kutokana na noti alizozichapisha. Kaburi lake huko Queens liliwekewa alama mwaka wa 1974.