Abdullah Quilliam: Mwingereza wa kuzaliwa aliyeambiwa si Mwingereza

Mwaka 1990 mwanasiasa wa chama cha Conservative, Norman Tebbit, alizua gumzo kubwa Uingereza alipotaka wahamiaji wapimwe kwa timu ya kriketi wanayoishangilia. Yaani ukikaa London ukaishangilia Pakistan, basi Uingereza bado haijakuingia. Baada ya mabomu ya Julai 7, 2005 kipimo kikaelekezwa kwa Waislamu waziwazi, na mwaka 2014 shule za England zikaagizwa kukuza kile kinachoitwa maadili ya Kiingereza: demokrasia, utawala wa sheria, uhuru wa mtu binafsi na kuvumiliana kwa watu wa imani tofauti.

Kila niyasikiapo haya, ndugu msomaji, humkumbuka mzee mmoja wa Liverpool. Huyu hakuwa mhamiaji, wala hakuwa na babu wa Kihindi au Kiarabu. Na bado mtihani huo aliambiwa kafeli.

William Henry Quilliam alizaliwa Liverpool mwaka 1856 katika familia ya Wakristo wa madhehebu ya Methodist, yenye asili ya kisiwa cha Man. (Sisi huku tunasema Mwingereza tu, tumemaliza. Wao wenyewe wana Waskoti, Wawelshi, watu wa Man, na kila mmoja ana neno lake juu ya mwenzake.) Alisomea sheria, akawa wakili wa watu wa kawaida, mwenye jina mjini. Tangu utotoni alilelewa katika harakati za kupiga vita ulevi, na katika Liverpool ya siku zile, mji wa bandari uliojaa vilabu vya pombe, hiyo haikuwa kazi ndogo.

Kazi ikamchosha, akashauriwa apumzike nje. Akafika Morocco, akawaona Waislamu wanavyoishi na wanavyoswali, na hapo moyo ukageuka. Mwaka 1887 alitangaza kusilimu, akajiita Abdullah, akaanzisha jumuiya ya Waislamu pale pale Liverpool. Mwanzo walikuwa wachache mno. Mwaka 1889 wakahamia nyumba namba 8, Brougham Terrace, wakaigeuza msikiti. Wanaotajwa kusilimu kupitia jumuiya ile katika miaka ile wanafikia 600 hivi, akiwemo mama yake mzazi.

Sasa tazama namna alivyofanya da'awa, maana hapa ndipo penye somo la tabia ya Kiingereza. Alitumia kila alichokikuta kwao. Jumapili jioni, muda ambao watu wa mji ule wamezoea kwenda kanisani, yeye aliwafungulia mkutano wenye hotuba, na tenzi za Kiingereza zilizorekebishwa zisigongane na tauhidi. Siku ya Krismasi waliwalisha maskini wa mji, Waislamu wakiwahudumia Wakristo. Wakafungua shule, na nyumba ya kulelea watoto wasiotakiwa na jamii, iliyoitwa Medina Home. Mwaka 1893 akaanzisha gazeti la kila wiki, The Crescent, lililofika nchi nyingi za Waislamu. Najua wapo miongoni mwetu watakaosema zile tenzi ni bid'a, na sitagombana nao. Ila tuwaulize nao: wangefanya nini, peke yao, mbele ya watu wasiojua hata Kibla kiko wapi?

Basi Mwingereza wa namna hii, mwanasheria, adui wa ulevi, mfadhili wa mayatima, mtu wa kamati na magazeti, alikosa nini katika Uingereza wake? Alikosa kimoja tu. Adhana iliposomwa Brougham Terrace, watu walikusanyika wakarusha mawe na matope. Si watu wa kigeni waliorusha. Ni jirani zake aliozaliwa nao, wanaoongea lafudhi moja naye.

Mwaka 1894 Sultani Abdulhamid wa Uthmaniya, ambaye ndiye Khalifa, alimtambua kuwa Sheikhul Islam wa visiwa vya Uingereza. Mwaka uliofuata mwana wa Amiri wa Afghanistan alipotembelea Liverpool alimpa paundi 2,500 kuendeleza kazi.

Ndipo ukaja mwaka 1896. Serikali ya Uingereza ilipoandaa jeshi la Misri kuingia Sudan chini ya Kitchener, Quilliam alitoa fatwa kuwa si halali kwa Muislamu kubeba silaha dhidi ya Muislamu mwenzake wa Sudan kwa manufaa ya asiyekuwa Muislamu. Wapo waliotaka ashitakiwe kwa uhaini. Yeye akasisitiza kuwa ni raia mtiifu wa Malkia Victoria. Agosti 27 ya mwaka huo huo manowari za Kiingereza zililipiga kasri la Sultani hapa Unguja, vita vikaisha chini ya saa moja. Utawala wa sheria, kumbe, ulikuwa na mipaka yake.

Nisimfanye malaika. Mwaka 1908 aliondoka kwenda Istanbul, na nyuma yake ikafichuka kuwa katika kesi moja ya talaka alishiriki kupika ushahidi. Mwaka 1909 akafutwa uwakili. Hilo ni kosa lake, hakusingiziwa, na jumuiya aliyoijenga kwa miaka ishirini ikasambaratika kwa sababu ilimtegemea mtu mmoja. Alirudi Uingereza kimyakimya kwa jina jingine, Haroun Mustapha Leon, akaishi na kuandika kwa jina hilo hadi alipofariki mwaka 1932. Alizikwa Brookwood, karibu na Woking.

Na ile nyumba? Halmashauri ya Liverpool iliichukua, ikaifanya ofisi ya kusajili vizazi, ndoa na vifo. Kwa miongo mingi Waingereza wa Liverpool walikwenda pale kuandikisha watoto wao, wengi bila kujua palikuwa msikiti. Baadaye makarani walihama, Waislamu wakaikarabati, na mwaka 2014 swala ikarudi Brougham Terrace.